Kikombe Chini ya Tingatinga

Juzi lori la mchanga liliteremka kuelekea sokoni Kawangware likiwa limebana breki njia nzima, na lilipopita mbele ya duka langu likatuachia moshi wa breki zilizoungua. Wateja waliziba pua. Mimi nilitoka nje, nikasimama kando ya barabara, nikavuta pumzi hadi kifua kikajaa. Binti yangu aliona haya kwa niaba yangu, akaninong'oneza kwamba watu wananiangalia. Nilimwambia waangalie tu, macho hayana kodi. Wapo wanaokumbuka kwao wakinusa mkate, na wapo wa mvua ya kwanza kwenye vumbi. Kwetu kulinukia breki, na likizo moja nzima ya shule harufu hiyo ilitoka kwenye kikaango cha chapati cha Mama.

Nyinyi wa rika langu mliolelewa na baba wa kambi hamhitaji maelezo marefu. Baba alikuwa fundi wa mitambo mizito kwenye kambi za barabara huko kaskazini, na nyumbani alikuja Krismasi na Pasaka. Siku za kwanza nilimwonea aibu, nikimsalimia kwa mbali na kukimbilia nyuma ya pazia lililogawa chumba chetu cha Kianda, huko Kibera. Nikishaanza kumzoea, nikishaanza hata kumpanda mgongoni, mkoba wake ulikuwa tayari umefungwa. Nilimpenda sana, lakini nilimpenda kama anavyopendwa mgeni, na jambo hilo liliniuma hata kabla sijapata maneno ya kulisema.

Likizo hiyo alikuja na habari. Mtu wa kanisani alikuwa amemwambia kuhusu Mzee Njuguna, mwenye yadi ya mashine kuukuu upande wa Kawangware unaopakana na Riruta. Mzee alikuwa na tingatinga la zamani la minyororo, la aina ile ambayo beleshi lake la mbele huinuliwa kwa waya, na breki ya waya huo ilikuwa imewashinda mafundi. Fundi ambaye angeifanya ishike angepewa kazi ya yadi yote, afike asubuhi na kurudi kwake jioni kama watu wengine. Akishindwa, lori la kambi lilikuwa linaondoka Jumatatu ya mwisho wa likizo, na Baba angelipanda. Mama alinieleza hayo akinisuka, kwa sauti ya mtu anayesimulia bei ya sukuma wiki. Lakini alivuta nywele zangu kuliko kawaida, kwa hiyo nilijua ni jambo kubwa.

Kibera neno tingatinga halitajwi ovyo. Tingatinga ni lile linalokuja asubuhi na mapema na kuziacha nyumba za watu zikiwa mabati yaliyokunjika. Jirani yetu wa mlango wa pili aliposikia Baba anatengeneza moja, alikuja na sahani ya omena, akakaa, akazungusha maneno weee, na mwishowe akaomba kwamba siku mashine hiyo ikitumwa upande wetu, yeye awe wa kwanza kuambiwa. Baba alicheka, akamwambia tingatinga lile haliwezi kufika hata barabara kubwa bila kupumzika, na kwamba kazi yake ni kusawazisha mashamba na kuchimba vidimbwi vya wakulima huko Dagoretti. Jirani hakucheka. Omena alituachia hata hivyo, na tulizila na ugali.

Kwa kuwa shule ilikuwa imefungwa na Mama alishinda sokoni akiuza mboga, Baba alinichukua twende naye yadi. Tulikwenda kwa miguu, na njiani alisalimia kila mtu kwa Kikamba hata wale ambao hawakukijua, basi tu kwa kuwa alikuwa na furaha. Mashine yenyewe niliiogopa mwanzoni. Rangi yake ya njano ilikuwa imebaki kwa madoa, nyasi zimeota katikati ya minyororo, na beleshi limelala chini upana wa chumba chetu. Nyuma ya kiti cha dereva palikuwa na dramu la chuma lililozungushiwa waya mnene, na waya huo ulipita juu ya kichwa cha dereva hadi mbele kabisa. Baba alinipandisha kwenye kiti, mafuta mazito yakanishika gaunini, na uoga ukaisha.

Nilimuuliza kwa nini mashine inayotambaa polepole hivyo inahitaji breki. Nilijua breki ni za magari yanayokimbia.

"Hii si ya kusimamisha," Baba aliniambia. "Hii ni ya kubeba."

Akanionyesha. Ukivuta mpini ulio karibu na bega la dereva, dramu huzunguka na kukunja waya, beleshi likapanda. Ukiuachilia mpini, mshipi wa chuma hulikumbatia dramu na kulizuia, na beleshi lote lile hubaki hewani likibebwa na mshipi huo peke yake. Ukiusukuma mpini upande wa pili, mshipi hulegea na beleshi huanguka kwa uzito wake. Kinachoshika hasa si chuma. Ni vipande vya kitu kigumu cha kahawia vilivyopigiliwa ndani ya mshipi kwa misumari ya shaba, ambavyo mafundi huviita lining. Vya tingatinga lile vilikuwa bado vinene, ila vilikuwa vimelewa oili iliyovuja kutoka kwenye gia miaka nenda rudi. Madukani havikupatikana tena. Vya malori havikulingana na dramu. Baba akaziba kwanza mahali oili ilipovuja, kisha akavibandua vipande vyote na kuvifunga kwenye gunia.

Huko kambini walikuwa na njia yao. Lining iliyolewa oili huoshwa kwa mafuta ya taa, halafu hukaangwa polepole juu ya chuma mpaka oili iliyojificha ndani itoke jasho na kuisha. Kambini walikaangia juu ya kipande cha bati nene. Nyumbani Kianda chuma kinene kilikuwa kimoja tu, na kilikuwa cha Mama.

Aliporudi kutoka sokoni alikuta moshi umejaa hadi kwa majirani, na Baba amechuchumaa mbele ya jiko akigeuza vipande vya breki kwa mwiko, kwa uangalifu ambao hajawahi kuutumia kwa chakula. Mama hakupiga kelele. Aliweka kapu chini, akauliza kama hiyo ni pan yake, Baba akasema ni yake, na Mama akaenda kukaa nje. Alikaa huko mpaka giza lilipoingia. Nilimtazama kupitia mlangoni na akili yangu ya utoto ilikuwa imeshaunganisha mambo yake. Baba angeondoka kwa sababu Mama amekasirikia kikaango. Breki, Mzee Njuguna, lori la kambi, hayo yote niliyaona kuwa mazungumzo ya watu wazima tu. Niliamini kwamba wanaume huenda kambini kwa sababu nyumbani wamechoma kitu.

Nafikiri Baba naye aliona kisirani hicho, maana asubuhi alikisugua kikaango kwa mchanga na sabuni hadi kikang'aa. Kisha akafanya alichomsikia Mama akihubiri tangu walipooana: kikaango cha chuma kikioshwa lazima kipashwe moto na kupakwa mafuta ya kupikia, la sivyo kitashika kutu. Akakipaka kwelikweli, ndani na nje, akakipeleka kwa Mama kwa mikono miwili. Mama alikinusa, akamrudishia. Alimwambia akae nacho, kwamba yeye hatapikia watoto wa watu kwenye breki, atanunua kingine. Siku hizi nikisikia jinsi vumbi la breki za zamani linavyoharibu vifua vya watu, namshukuru kwa ukaidi wake. Siku ile nilimwona mkatili.

Baba hakubishana. Alikuwa na vipande vingine vilivyobaki, na sasa alikuwa na kikaango chake mwenyewe, hivyo akavikaanga vyote, akavipigilia kwenye mshipi, akaurudisha mshipi kwenye dramu. Kazi iliyofuata ndiyo niliyoipenda kuitazama. Mwishoni mwa mshipi kulikuwa na nati moja kubwa, na siri yote ilikuwa hapo. Ukiikaza mno, mshipi hauliachi dramu lipumue, beleshi linagoma kushuka na lining inaungua. Ukiilegeza, beleshi halitulii hewani. Baba aliikaza kidogo, akapanda, akainua, akaangusha, akashuka, akaligusa dramu kwa mgongo wa mkono kama unavyompima mtoto homa. Kisha akaikaza tena kidogo. Alikuwa akiimba kwa sauti ya chini wimbo wa kwaya, ule ule walioimba siku alipomwona Mama mara ya kwanza, ingawa mpaka leo kila mmoja wao anasema ni mwenzake aliyeanza kutazama.

Mzee Njuguna alikuwa na mtindo wake wa kupima kazi. Alikuwa mtu mfupi mwenye koti la mvua hata wakati wa jua, na chai alipenda baridi, ikiwa imeshika utando juu. Siku ya kupima alinunua chai kwenye kibanda cha langoni, akaitia kwenye kikombe chake cheupe cha bati, na beleshi lilipoinuliwa na injini kuzimwa, akakisukuma kikombe kwa ufito hadi chini yake. Mkono wa mtu haukuruhusiwa kupita hapo, Baba alikuwa mkali juu ya hilo. Mashine ilikuwa imewahi kumshukia dereva karibu na mguu, Mzee alisema, na yeye hataki fundi wa kumwambia kwamba inashuka polepole. Atakunywa chai yake mama wa githeri, yule aliyewaletea chakula cha mchana, akifika. Akaenda kukaa kwenye kiti chake na kuanza kuongea habari za ng'ombe.

Mimi nililala kifudifudi kwenye vumbi, mbali kidogo, nikitazama ule mwanya kati ya chuma na kikombe. Kwa muda mrefu haukubadilika. Halafu nikaona mwanga uliokuwa unapita hapo umekuwa mwembamba, nikadhani ni jua limesogea. Beleshi halikuanguka. Lilishuka kimyakimya, likakiegemea kikombe, na kikombe kikajikunja taratibu mpaka chai ikamwagika yote. Baba alikuwa amesimama karibu na dramu, hakuwa ameona. Nilipomtazama usoni baada ya kuona, nilitamani kumfunika kwa gauni langu.

"Fundi, chai yangu imeenda," Mzee alisema. Hakuwa mtu mbaya. Alimpa hadi Jumamosi, akamwambia baada ya hapo kila mtu ashike njia yake bila kinyongo.

Baba alivibandua vipande vyote upya, akavileta nyumbani kwenye gunia, akavimwaga sakafuni. Hakuelewa. Alikuwa amevikaanga kwa mikono yake, oili ilikuwa imetoka, nati ilikuwa sawa, lakini vingine viliteleza. Alivipanga mstari, akavipindua kimoja kimoja. Na Mama, ambaye tangu siku ya kikaango alikuwa akimjibu neno moja moja, akaja akachuchumaa kando yake. Akachukua kipande, akakinusa. Akachukua kingine. Akarudi kwa kile cha kwanza.

"Baba Mwende, hii ni mafuta yangu."

"Hiyo ni oili ya gearbox."

"Gearbox gani inanukia chapati? Hebu nusa."

Baba akanusa. Pua yake ilikuwa ya dizeli tangu ujana, sidhani kama alisikia chochote, lakini alikuwa ameshaanza kuhesabu mambo kichwani. Mama akamuuliza vipande hivi alivichomea wapi. Kwa pan, Baba akasema. Ile ambayo alikuwa ameipaka mafuta?

"Si ni wewe husema pan ikioshwa lazima ipakwe?" Baba alijibu kwa sauti ndogo sana.

Mama alimtazama mpaka mdomo ukaanza kumcheza. Kisha akacheka, akacheka akashika ukuta, na Baba naye akashindwa kujizuia. Fundi mzima wa mitambo mizito alikuwa ameitoa oili ya gia kwenye breki na kuilisha breki hiyo hiyo mafuta ya kupikia, kwa sababu ya kutaka amani na mke wake. Nilicheka nao bila kuelewa kitu. Nilichoelewa ni kwamba kikaango kimesamehewa, kwa hiyo Baba haendi tena, na usiku huo nililala vizuri kuliko siku zote za likizo.

Kukaanga tena Mama alikataa. Mafuta ya kupikia yakikaangwa hugeuka gundi, alisema, hata sufuria hukwambia hivyo. Kwao Vihiga kulikuwa na kitu kingine. Asubuhi aliniambia nifuatane naye hadi Silanga, kwenye vishamba vya kando ya bwawa alikonunua mboga, tukarudi na mzigo wa maganda na mabua makavu ya maharagwe. Aliyachoma, akayatia majivu kwenye kopo lililotobolewa chini, akamimina maji juu, na chini yake yakadondoka maji ya rangi ya chai. Ni munyu wa kienyeji, ule ambao wengi mmeula kwenye mrenda na kunde bila kuuliza umetoka wapi. Yale ya siku ile aliyaacha makali, si ya mboga. Ukiyagusa yanateleza kidoleni kama sabuni. Akavichemsha vipande vya breki humo kutwa nzima, akibadilisha maji kila yalipofanya povu chafu, na Baba akimfuata nyuma kubeba ndoo na kufanya alichoambiwa. Sikuwa nimewahi kuwaona wakifanya kazi moja. Hawakuongea sana, lakini kila nilipopita nilisikia mmoja wao anacheka peke yake.

Tulivianika vipande juu ya bati la paa. Jirani wa mlango wa pili aliuliza ni nyama gani hiyo, Mama akamwambia ni ya tingatinga, kwamba safari hii tumelila sisi kwanza. Hapo ndipo jirani alipocheka.

Jumamosi Mama hakwenda sokoni. Alivaa leso yake nzuri, akafuatana nasi hadi yadi, akakaa kwenye gogo na kukunja mikono. Baba aliufunga mshipi, akaanza upya mchezo wake wa nati, kidogo na kidogo, mgongo wa mkono kwenye dramu. Beleshi lilipanda. Injini ikazimwa. Mzee Njuguna akaleta chai katika kikombe kipya, akakisukuma kwa ufito, akaenda kwenye kiti chake. Mimi sikulala kifudifudi kutazama. Nilicheza na mtoto wa mbwa wa langoni, maana kwangu shauri lilikuwa limekwisha, Mama na Baba walikuwa wameshapatana. Nilishangaa tu kwa nini Mama haongei, na kwa nini Baba anazifuta spana ambazo tayari ni safi.

Mama wa githeri alifika na ndoo yake kichwani. Mzee akainuka, akainama kutazama chini ya beleshi, akakivuta kikombe kwa ufito. Alikiinua, akapuliza utando pembeni, akanywa yote akiwa amesimama. Akamwambia Baba aliangushe beleshi, likaanguka mara moja na ardhi ikatikisika, akamwambia aliinue tena, likainuka. Hakusifu. Hakumpa mkono. Alikung'uta matone ya kikombe, akasema neno moja la biashara.

"Jumatatu uje mapema. Clutch pia inasumbua."

Sikusikia habari za clutch. Nilisikia Jumatatu, na Jumatatu niliyoijua mimi ilikuwa moja tu, ile ya lori la kambi. Nilimtazama Mama nione kama ameshtuka. Alikuwa ameinamisha uso kwenye leso, mabega yakitikisika, na hilo likanithibitishia. Tulianza safari ya kurudi. Baba alitembea mbele akipiga mluzi, nami nikaona hiyo ni roho mbaya kabisa, mtu kupiga mluzi anapotuacha. Tulipokaribia Kianda nikakimbia nikamshika suruali kwa nyuma.

"Baba, unaenda lini?"

"Jumatatu," akasema, akigeuka kunitazama.

Machozi yalishatoka. Nikamuuliza atarudi lini, nikijiandaa kusikia Krismasi.

Baba alisimama katikati ya njia, watu wakitupita, akachuchumaa hadi macho yake yakawa sawa na yangu. Alinuka dizeli na munyu.

"Jumatatu," akaniambia. "Jioni."